Redio ya upepo kwenye gari: masikio bila mdomo

Wadau, kuna jamaa yangu kafaulu mtihani wa redio za ridhaa, sasa ananisumbua: afunge redio gani kwenye gari? Yeye anaangalia wati tu. Nikamwambia tuanzie Detroit, Marekani.

Aprili 1928 polisi wa huko walianza kutumia redio ndani ya magari, kituo chao kikiitwa W8FS. Tatizo ni kwamba magari yalikuwa na vipokezi pekee. Askari anasikia anatumwa kwenye wizi, lakini kujibu hawezi. Wezi wakimzidi nguvu, akatafute simu! Mwaka 1933 ndipo polisi wa Bayonne, New Jersey, wakafunga redio za kuongea pande zote mbili.

Adui aliyebaki ni gari lenyewe. Cheche za plagi ziliingia kwenye mawimbi ya AM, sauti ikajaa mikwaruzo. Edwin Armstrong alipata hataza za FM mwaka huohuo wa 1933, na mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut wakaipeleka barabarani kwa mitambo aliyoisanifu Daniel Noble. Mikwaruzo ikapungua sana.

Ndiyo maana redio za VHF za magari mpaka leo nyingi ni FM. Ila hata wati 50 zikikutana na mlima zimekwisha. Kwa masafa marefu achukue HF, ambayo mawimbi yake hurudishwa chini na ionosfia. Na cheche bado zipo, kwa hiyo nyaya zitoke moja kwa moja kwenye betri, zikiwa na fyuzi, na antena ikae katikati ya paa.

Jamaa kakubali yote, isipokuwa paa lake kutobolewa.