Rangi 25 za Famicom

Mario, shujaa wa mchezo wa video Super Mario Bros. wa mwaka 1985, ana rangi tatu tu mwilini. Nyekundu ni kofia na ovaroli. Kahawia inayoelekea kijani ni nywele, masharubu, shati na viatu. Hata jicho limechorwa kwa hiyohiyo. Ya tatu ni ya ngozi. Ya nne haipo, mashine haikuiruhusu.

Mashine yenyewe, Famicom ya Nintendo, ilitoka Japani Julai 1983, mhandisi wake mkuu akiwa Masayuki Uemura. Chipu yake ya picha, kazi ya kampuni ya Ricoh, ilikuwa na namba 64 za rangi. Ukiondoa weusi uliorudiwarudiwa, zinabaki hamsini na kitu. Kwa wakati mmoja skrini ilionyesha 25: moja ya nyuma kabisa, makundi manne ya rangi tatutatu kwa mandhari, na manne mengine kwa vitu vinavyotembea.

Hizo 25 si haba. Kilichowatesa wachoraji ni miraba. Mandhari yaligawanywa katika miraba ya vitone 16 kwa 16, na kila mraba ulichukua kundi moja tu la rangi. Aliyetaka kitu chekundu kigusane na bomba la kijani alihesabu miraba kwanza, ndipo achore. Ndiyo maana dunia za michezo ile zimepangwa kama vigae vya sakafuni.

Nafasi nayo ilikuwa finyu: michoro yote ya Super Mario Bros. ilitoshea kilobaiti 8. Wingu la juu na kichaka cha chini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi, na Luigi ni Mario aliyevikwa kundi jingine. Mvaa khanga hashangai: mji uleule, pindo lileile, doti moja nyekundu, nyingine buluu.

Kisha zikaja mashine mpya: Mega Drive ya 1988 ilikuwa na rangi 512 za kuchagua, Super Famicom ya 1990 na 32,768, na hesabu ya miraba ikapungua ukali.

Siku hizi wachoraji wanaoiga michezo hiyo hutafuta paleti, yaani orodha ya rangi, halisi ya Famicom. Haipo. Chipu ile haikutoa vipimo vya nyekundu, kijani na buluu. Ilitoa moja kwa moja wimbi la televisheni, ikitenganisha rangi 12 kwa kuchelewesha wimbi hilo na kuzipa ngazi nne za mwanga. Televisheni ndiyo iliyokata shauri. Namba 0D, kwa mfano (namba hizi huandikwa kwa mfumo wa kumi na sita), ilishuka chini ya weusi wenyewe, na baadhi ya seti ziliyumbisha picha. Wajuzi wakatumia weusi wa 0F.

Anga la Super Mario Bros. ni namba 22. Katika faili moja la paleti utaliona samawati safi, katika jingine limeingia zambarau. Mimi huchukua la zambarau, maana kwenye samawati safi lile wingu jeupe hupoa machoni pangu.