Tarika

tarika nm [i-/zi-] (pia *twarika*, kutoka Kiarabu, maana yake njia). Njia ya kumkurubia Mwenyezi Mungu kwa uongozi wa shehe. Jumuiya ya wanaoifuata njia hiyo.

Matumizi: Neno hili huchanganywa na *dhehebu*. Dhehebu huhusu rai za fikihi. Tarika huhusu malezi ya roho na nyiradi. Waislamu wengi wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Mto Ruvuma, ni Washafii kwa dhehebu, na baadhi yao ni Wakadiria au Washadhili kwa tarika. Kumwita Mkadiria mtu wa “dhehebu jingine” ni kumtenga na nduguye anayesali naye safu moja.

Katika jamii: Ukhalifa wa tarika hupatikana kwa ijaza, wala haukutegemea nasaba pekee, hivyo ulifungua mlango ambao ungwana uliufunga. Shehe Yahya bin Abdallah, maarufu Shehe Ramiya (aliyefariki 1931), alifikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa, akaja kuwa kiongozi wa Kadiria mjini humo.

Mfano: *Wanatarika wa Mahurunga waliwapokea wenzao waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, wakakesha pamoja kwa zikiri.*

Taz. pia: dhehebu, ijaza, khalifa, zikiri.