Kupotoka: Neno la Wasokota Kamba

Sisi tunaokaa Buzuruga hatuko mbali na ziwa, na penye ziwa pana kamba. Basi na tuanze na kamba. Kupota, katika Kiswahili cha zamani, ni kusokota nyuzi ziwe ugwe. Hapo tukapata kupotoa, yaani kukipinda kitu hata kikaacha umbo lake. Kisha kupotoka, na mwishowe upotovu.

Waliotafsiri Biblia walilijua neno hili. Katika Wafilipi 2:15 Paulo anatumia neno la Kigiriki linalotokana na kugeuza na kupindua, na Biblia ya Union ya mwaka 1952 ikasema kizazi kilichopotoka. Naye Luther, akifundisha Waraka kwa Warumi huko Wittenberg mwaka 1515 na 1516, alimweleza mwenye dhambi kuwa mtu aliyejipinda kuielekea nafsi yake. Hakujua Kiswahili, lakini msokota kamba angemwelewa mara moja.

Kupotoka, basi, ni jambo la moyo na mwenendo. Lakini katika Kanda yetu ya Ziwa tumelihamisha likakaa mwilini. Mtoto akizaliwa na ngozi nyeupe, watu walinong'ona: kioja, mkosi. Neno albino lenyewe halina lawama. Asili yake ni Kilatini, albus, maana yake nyeupe tu. Tangu mwaka 2007 hivi, minong'ono ile ikafuatwa na mapanga. Watu wenye ualbino waliuawa, viungo vyao vikatafutwa na waganga walioahidi dhahabu na samaki. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua kijana wa miaka 14. Ni nani hapo aliyepotoka?

Nasi wachungaji tusijitoe. Wazazi walitujia wakiuliza walikosa nini, nasi tukajibu kwamba ni mapenzi ya Mungu, tukaendelea na matangazo. Jibu lile liliwaacha na hatia waliyokuja nayo.

Siku hizi tunafungua Yohana 9. Wanafunzi waliuliza vivyo hivyo juu ya kipofu, kama alikosa yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Kisha tunamwomba mama aje na mwanawe viti vya mbele, mbali na dirisha, maana jua la asubuhi humchoma ngozi.