Neva Tulizi: Istilahi na Kazi Yake Wakati wa Msongo

Maelezo mengi ya afya yanayotolewa redioni na katika vipeperushi vya ushauri nasaha huwahimiza watu walio katika msongo wa mawazo watulize neva zao, na usemi huo, ingawa una nia njema, huacha picha ya kwamba utulivu ni neva kunyamaza. Fiziolojia inaonyesha kinyume chake, kwani mtu anapotulia lipo kundi zima la neva linalofanya kazi kwa nguvu zaidi kuliko lilivyofanya alipokuwa na hofu. Kundi hilo ndilo linaloitwa parasimpathetiki katika istilahi za kimataifa, nalo ndilo linalohitaji jina la Kiswahili litakalomwezesha msomaji kuelewa kwa nini kuvuta na kutoa pumzi polepole kunaweza kupunguza mapigo ya moyo.

Jina la kigeni lenyewe lina historia ya mkanganyiko. Tangu enzi za Galen, tabibu wa karne ya 2, iliaminiwa kwamba viungo vya mwili huathiriana kwa namna ya kuhisi pamoja, na neno la Kigiriki lenye maana hiyo ndilo lililotumiwa na mwanaanatomia Jacques-Bénigne Winslow mwaka 1732 alipoziita simpathetiki neva zinazoandamana na uti wa mgongo. Mfasiri anayelifuata neno hilo kijuujuu anaweza kuishia kwenye neva za huruma, jina ambalo lingechekesha, kwa sababu neva hizo ndizo zinazouandaa mwili kupigana au kukimbia. Mwanafiziolojia wa Cambridge, John Newport Langley, alipotambua kwamba zipo neva nyingine zinazotoka kwenye shina la ubongo na kwenye ncha ya chini ya uti wa mgongo, aliongeza mwaka 1905 kiambishi chenye maana ya kando, na hivyo ndivyo ilivyopatikana parasimpathetiki, istilahi inayotaja mahali zilipo neva na isiyogusa kazi yake hata kidogo.

Langley huyohuyo ndiye aliyeupa mfumo mzima, mwaka 1898, jina linalofasiriwa mara nyingi kuwa mfumo wa neva unaojitawala. Tafsiri hiyo ina kasoro, maana katika Kiswahili mtu anayejitawala ni yule anayezuia hasira yake kwa hiari, ilhali mfumo unaozungumziwa huendesha moyo, tumbo, jasho na mboni za macho bila kungoja hiari ya mtu. Kwa hiyo mfumo wa neva unaojiendesha ni tafsiri salama zaidi. Vivyo hivyo, mishipa ya fahamu, jina lililozoeleka sana na linalofaa kabisa katika mazungumzo ya kawaida, huleta utata hapa kwa njia mbili: mshipa ni pia njia ya damu, na fahamu ndicho kitu ambacho sehemu hii ya mfumo haikihitaji ili ifanye kazi. Neno neva, lililokwisha kuingia kamusini, halina mzigo huo.

Ndani ya mfumo unaojiendesha, basi, panapendekezwa majina mawili yanayotokana na kazi: neva hamasishi kwa zile za simpathetiki, na neva tulizi kwa zile za parasimpathetiki, kwa kufuata muundo uleule uliotupa saidizi na shirikishi. Uchochezi ungeweza kufikiriwa badala ya uhamasishaji, lakini neno hilo limekwisha kuchukuliwa na polisi na mahakama. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba neva tulizi hazitulizi kila kiungo, kwa kuwa zinapoupunguza mwendo wa moyo huongeza mate mdomoni na kuliamsha tumbo lisage chakula. Pingamizi hilo ni la kweli, ila halitoshi kuliangusha jina, mradi ieleweke kwamba kinachotulizwa ni mwili kwa jumla, ambao hupata nafasi ya kula, kuyeyusha chakula na kujijenga upya.

Neva kuu katika kundi hili ni vagasi, neva ya kumi miongoni mwa zile zinazotoka ubongoni, ambayo hushuka shingoni hadi kifuani na tumboni. Nguvu yake huonekana wazi katika moyo. Moyo wa mtu mzima ukiachwa bila neva yoyote hupiga takriban mara 100 kwa dakika, kama inavyoonekana kwa watu waliopandikizwa moyo, ambao mapigo yao wakati wa mapumziko huwa ya kasi kwa sababu neva zilikatwa. Mapigo 60 hadi 80 ya mtu aliyeketi kwa utulivu ni matokeo ya vagasi kufanya kazi ya breki saa zote. Mwaka 1921 mwanasayansi Otto Loewi aliichochea vagasi ya moyo wa chura, akachukua majimaji yaliyouzunguka na kuyatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo bila kuguswa, ushahidi kwamba neva hiyo hutoa kemikali, ambayo baadaye ilitambuliwa kuwa asetilikolini. Kwa kazi zao kuhusu kemikali za neva, Loewi na mwanasayansi mwenzake Henry Dale walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Hakuna anayeweza kuiamuru vagasi moja kwa moja, lakini pumzi ni mlango ulio wazi pande zote mbili, kwa kuwa hujiendesha mtu akiwa amelala na hutii amri yake akiwa macho. Mtu anapovuta pumzi, breki ya vagasi hulegea na moyo ukaongeza kasi kidogo. Anapoitoa, breki hurudi. Kinachofuata ni rahisi kukitenda: kuitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko ule wa kuivuta, kwa utaratibu wa takriban pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika chache. Kiswahili, ambacho husema kwamba aliyeondokewa na hofu ameshusha pumzi, kiliutaja upande ulio muhimu. Utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001, uligundua kwamba rozari ikisaliwa kwa Kilatini, na vilevile mantra za yoga, huwashusha wasomaji kwenye kiwango hichohicho cha pumzi 6 bila wao kukikusudia.

Njia nyingine ni ya maji baridi usoni, ambayo huamsha mwitikio uleule wa mamalia wanaozamia majini na kupunguza mapigo ya moyo kwa haraka, ingawa mwenye maradhi ya moyo hapaswi kuijaribu bila ushauri wa daktari. Daktari Edmund Jacobson naye alifundisha kukaza na kulegeza misuli, kundi moja baada ya jingine, mpaka mtu atambue tofauti kati ya hali hizo mbili.

Pamoja na hayo, mipaka ya njia hizi inatokana na maumbile ya msongo wenyewe. Mwitikio wa neva huja na kuondoka kwa sekunde, ilhali kotisoli, homoni ya msongo itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo, husafiri katika damu na hufikia kilele takriban dakika 20 hadi 30 baada ya tishio kuanza. Aliyeshusha pumzi mara kumi na bado akajihisi ametaharuki hajakosea, kwa maana neva tulizi zimekwisha kuufikia moyo huku kotisoli ikiwa bado imo katika damu. Na pale ambapo chanzo cha msongo ni deni, ugonjwa au ugomvi wa kila siku, tezi hizo hupata amri mpya kabla ya ile ya awali kuisha, na hapo pumzi pekee haitoshi.