Ijumaa Bila Nyama Ukingoni mwa Mto Tana

Katika delta ya Mto Tana, Kwaresima huangukia kiangazi. Kabla masika hayajaanza, Ziwa Shakababo na mabwawa yaliyo karibu na Garsen hupungua maji, nyasi za bara hukauka, na ng'ombe wa Waorma huteremshwa mtoni kwa njia za kunyweshea ziitwazo malka. Wapokomo wako mashambani ukingoni na katika mitumbwi yao. Wakati huohuo Mkatoliki anaambiwa: Ijumaa usile nyama. Mahali ambapo ng'ombe ni wa huyu na samaki ni wa yule, amri hiyo haimwelemei kila mtu kwa uzito mmoja.

Amri yenyewe ina asili ya mbali. Wakristo wa karne za mwanzo walifunga Jumatano na Ijumaa, Ijumaa ikiwa siku ya mateso ya Yesu. Katika Ulaya ya enzi za kati, mfungo wa Kwaresima ulikataza hata mayai na maziwa. Nyama ilikuwa chakula cha karamu na cha wenye uwezo, samaki aliruhusiwa. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimtaka kila aliyefikisha miaka 7 aache nyama na mchuzi wake kila Ijumaa, na wenye miaka 21 hadi 59 wafunge siku zilizopangwa.

Imani hiyo ilifika pwani yetu mapema, lakini haikukaa. Mapadre wa shirika la Mtakatifu Augustino walijenga makao Mombasa mwaka 1597, na uasi wa Sultani Yusuf bin Hasan wa mwaka 1631 ukakatiza kazi yao. Huku Tana, wamisionari waliotangulia karne ya 19 walikuwa Waprotestanti: Wamethodisti Golbanti na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen huko Ngao. Hao hawakuwa na sheria ya kuacha nyama Ijumaa. Jimbo Katoliki la Mombasa liliundwa mwaka 1955, na la Malindi mwaka 2000. Kwa hiyo, na kwa kuwa Uislamu nao upo hapa, katika ukoo mmoja wa Kipokomo unaweza kumkuta Mmethodisti, Mwislamu na Mkatoliki, kila mmoja na mfungo wake.

Nenda sokoni Garsen Ijumaa ya Kwaresima. Kambare wamepasuliwa mgongoni na kukaushwa kwa moshi hadi wakawa weusi, ngozi imekakamaa, harufu yao inakutangulia kabla hujafika kwenye meza. Hatua chache mbele, buchani, paja la mbuzi linaning'inia. Mama Mkatoliki anapita bucha, ananunua kambare, na jioni anampika kwa nazi, wali pembeni. Ametii sheria. Lakini kambare ni kitoweo chake cha Jumatatu na Jumanne pia. Amejinyima nini? Mfugaji wa Kiorma aliyelelewa katika mila ya Kikushi, iliyowadharau samaki tangu zamani, angewekewa sheria hiyo angebaki kutegemea zaidi maziwa.

Kanisa lenyewe liliwahi kukabili swali hilo. Tarehe 17 Februari 1966, Papa Paulo VI alitoa katiba ya kitume Paenitemini. Siku za lazima za kufunga zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na chakula kidogo asubuhi na jioni. Umri wa kuacha nyama ukaanzia miaka 14. Papa aliandika pia kwamba wenye shibe watoe ushuhuda wa kujinyima na wa kuwasaidia maskini, na walio katika dhiki wamtolee Mungu mateso yao kwa sala huku haki ikitafutwa. Sheria za mwaka 1983 zilishusha umri wa kufunga hadi miaka 18, na zikawaruhusu maaskofu wa kila nchi kuagiza waumini waache chakula kingine badala ya nyama, au wafanye matendo ya huruma.

Katika kujinyima kwa ajili ya jirani ndipo ninapoona sheria ya Ijumaa ikipata maana kamili Tana. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana kwa sababu ya ardhi, malisho na maji. Waliokufa walizidi mia. Lakini mwaka 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja, na kwa wiki kadhaa Garsen nzima, msikitini na kanisani, ilisema neno moja la Kiswahili: kufunga. Waislamu na Wakristo hawakuhitaji kulitafsiriana.

Ndiyo maana naiheshimu sheria ya Ijumaa, hata kwa yule ambaye samaki si mfungo kwake. Inamzoeza mtu kusimama mbele ya kitu anachokitaka na kusema: leo hapana. Anayeweza kusema hivyo buchani ameanza kujifunza kusema hivyo penye malka, maji yanapopungua na ng'ombe wa jirani wanapofika na kiu.