Lugha Moja, Majeshi Mawili: Vita vya Habari kati ya Uganda na Tanzania, 1978–1979

Majeshi ya Uganda na Tanzania yalirithi Kiswahili kutoka chimbuko moja. Batalioni ya 4 ya King's African Rifles ilizaa jeshi la Uganda, na ile ya 6 ikazaa la Tanganyika. Zote mbili ziliasi katika wiki moja, Januari 1964, na hapo njia zikaachana. Tanganyika ililivunja jeshi lake. JWTZ, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lilijengwa juu ya vijana wa TANU na kuwekewa makamisaa wa siasa. Uganda iliwaongezea askari mishahara.

Tofauti hiyo husahaulika vita vya habari vya 1978–1979 vinapojadiliwa. Hukumbukwa zaidi vituko vya Amin, kama kumwalika Nyerere ulingoni, Muhammad Ali akiwa refa. Redio Uganda ilikuwa mdomo wa watawala wa kijeshi. Oktoba 1978 ilidai kwamba Tanzania ndiyo iliyovamia. Novemba mosi ikajigamba kwamba eneo la Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, limetwaliwa kwa dakika 25. Madai ya namna hiyo yaliweza kumtisha raia wa mbali, lakini askari wa Uganda aliyekuwapo aliyapima kwa macho yake.

Upande wa pili, hotuba ya Nyerere ya tarehe 2 Novemba ilisimama juu ya hoja tatu: uwezo, sababu na nia. Neno lililofanya kazi kubwa zaidi, hata hivyo, ni "nduli". Neno hilo la muuaji katili lilimbana adui hadi akabaki mtu mmoja, na Waganda wakaachwa nje ya uadui. Kamisaa aliweza kulibeba kutoka redioni hadi handakini bila mkalimani, na askari wa Amin aliyetega sikio Dar es Salaam alilielewa vilevile. Hakuna kikosi cha propaganda, hata kipangwe vipi, kinachopata urahisi huo kwa amri.

Waganda nao waliziita silaha nzito za JWTZ "Saba Saba", jina la Kiswahili kwa hofu yao wenyewe.

Amin alikuwa amekitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973. Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, waliofukuzwa na walioingia walitoa amri kwa lugha hiyohiyo. Katiba ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na bado raia wengi walikisikia kama sauti ya kizuizi cha barabarani.