Waliosoma Pamoja: Udugu wa Shule katika Nyanda za Kati

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi wazee waliosoma shule moja walivyoendelea kushikamana kwa miaka arobaini na zaidi, na kwa nini jambo hilo linaihusu historia ya Kanisa. Tutatazama hasa Dodoma, mahali ambapo shule yenyewe imetoweka ilhali baadhi ya wanafunzi wake wangali hai.

Huko Kikuyu, Dodoma, ilikuwapo Shule ya Sekondari ya Alliance, ambayo jina lake lilikumbusha ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Oscar Kambona, aliyekuja kuwa waziri baada ya uhuru. Baadaye shule ilipewa jina la Mazengo, mtemi mashuhuri wa Wagogo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za makanisa za namna hiyo chini ya serikali. Leo Mazengo nayo haipo. Tangu mwaka 2007 pale pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, cha Kanisa Anglikana. Hivyo mzee akiulizwa alisoma wapi, hutaja jina ambalo mjukuu wake halioni tena langoni.

Udugu huo ulikuwa na sababu zake. Mwaka 1961 wanafunzi wa sekondari nchini kote hawakufikia 12,000. Vijana wachache wa makabila mbalimbali walilala bweni moja na kula chungu kimoja, kisha wakatawanywa kwenda kufundisha, kutibu na kuhubiri mbali na kwao. Kilichowaunganisha kilikuwa reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, pamoja na mifuko ya barua iliyosafirishwa na gari moshi.

Hapa inafaa tuitazame anwani. Kwa desturi yetu barua haipelekwi nyumbani, bali huwekwa katika sanduku la posta. Walio wengi hawakuwa na sanduku lao wenyewe. Walitumia la shule, la ofisi au la usharika. Kwa hiyo mtu alipostaafu na kurudi kijijini, aliacha anwani pamoja na kazi. Aidha, vijiji vyenyewe vilihama: Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 iliwaondoa watu wengi wa Ugogo katika makazi yao ya zamani. Ikawa kwamba marafiki walioandikiana miaka mingi walipotezana pasipo ugomvi wowote. Baadhi yao walipata habari za wenzao mara ya mwisho katika matangazo ya vifo ya Radio Tanzania.

Simu za mkononi zilipoenea, wengi walitafutana upya. Hata hivyo mzee asiyeona vizuri humtegemea mjukuu ambonyezee namba, na simu ikipotea, namba za wenzake hupotea nayo.

Sisi Walutheri tunalo la kujifunza hapa. Chuo cha Theolojia kilichoanzishwa Lwandai mwaka 1947 kilihamia Makumira mwaka 1954. Waliosoma humo walitoka katika makanisa yaliyokuwa bado mbalimbali, na mwaka 1963 makanisa saba yaliungana kuwa KKKT. Muungano huo uliandikwa katika katiba. Lakini wachungaji waliokwisha kuketi darasa moja walikuwa wakifahamiana kabla ya katiba hiyo. Mtume Paulo naye anaumalizia Waraka kwa Warumi kwa orodha ndefu ya salamu, akiwataja watu kwa majina. Hakuiona kazi hiyo kuwa ndogo.

Basi twawasihi wachungaji na wanafunzi wa theolojia wafanye mambo mawili. Kwanza, mnapowatembelea wazee, ulizeni walisoma na nani, kisha wasaidieni kuandika au kupiga simu wakati mwenzao angali hai. Rambirambi hazijibiwi na aliyeandikiwa. Pili, ombeni ruhusa ya kuzisoma barua na picha zao na kunakili yaliyomo, kabla ya mchwa na moto kuzimaliza. Shule iliyokwisha kubadilishwa jina mara moja, kisha ikafungwa, imebaki katika masanduku ya mabati yaliyo chini ya vitanda vya wazee hawa. Wakiondoka kabla hatujauliza, tutakuwa tumepoteza shule hiyo mara ya pili, na safari hii kwa uzembe wetu wenyewe.